Kiungo cha Benki ya Damu

Waliowahi kufika Jamhuri ya Heko wanasema ni nchi nzuri sana, na ambao hawajafika wanasema vivyo hivyo, kwa kuwa habari zote za Heko huandikwa na ofisi moja. Ofisi hiyo haikuandika habari za Shaibu Mlimbila na dada yake Siwema, ndiyo maana zinasimuliwa hapa.

Shaibu alikuwa mtaalamu wa programu za kompyuta katika Idara ya Mawasiliano ya Serikali. Mwembamba, mpole, mtu wa kucheka kwa pua. Wazazi wao walifariki yeye akiwa na miaka saba na Siwema kumi na tisa. Siwema ndiye aliyemnyoa nywele, aliyetia sahihi ripoti zake za shule, aliyemchapa siku alipokutwa anafungua redio ya jirani ili aone msemaji amekaa wapi. Baadaye akawa muuguzi wa Hospitali Kuu, Wodi Namba Tatu, na hata Shaibu alipofika miaka thelathini na saba, na mvi mbili tatu, aliendelea kumwita "mtoto" mbele za watu.

Mwaka huo serikali ya Heko iligundua kwamba kompyuta za ofisi zake hazisemezani. Wizara ya Maji haikuwa na habari ni nyumba zipi Wizara ya Ardhi imezibomoa, kwa hiyo iliendelea kuzipelekea maji. Ukanunuliwa mfumo mkubwa kutoka nje, ukapewa jina la Daraja, na kazi yake ilikuwa kuziunganisha kompyuta zote za nchi zipate kupashana habari.

Mfumo huo ulikuja na viungo vyake. Kiungo ni programu ndogo inayochomekwa ndani ya mfumo mkubwa, ikakaa katikati ya mashine mbili zisizojua lugha moja, kama mkalimani: inachukua alichosema huyu, inakigeuza, inampa yule. Walioutengeneza mfumo walileta viungo vya mabenki, vya posta, vya viwanja vya ndege, hata kimoja cha klabu za gofu. Hawakuleta cha benki ya damu ya Heko. Ile mashine ya benki ya damu ilikuwa ya zamani mno, na hakuna mahali pengine duniani palipokuwa na ya namna yake. Kiungo cha mashine kama hiyo lazima mkiandike wenyewe.

Kazi akapewa Shaibu, akaifurahia. Aliandika kwa wiki tatu, anakula mezani, anaongea peke yake. Alipomaliza alimpigia simu Siwema, maana alitaka mtu wa kujaribu naye upande wa hospitali.

"Dada, andika chochote."

Siwema akaandika kwenye kompyuta ya wodi: Damu kundi A, chupa mbili, na mdogo wangu aje kula Jumapili.

Baada ya sekunde nne benki ya damu wakapiga simu wodini kuuliza huyo mdogo wake ni wa kundi gani. Siwema alicheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili naye akacheka bila kujua kinachochekwa.

*

Siku ya tatu Shaibu aliitwa na Mkurugenzi wa Idara, Bwana Mbaraka Tindwa, mtu aliyevaa suti ya vipande vitatu hata siku za joto, na aliyekuwa na desturi ya kusimama kidogo kila alipomtaja Mkuu wa Nchi, halafu kuketi tena. Mazungumzo naye yaliumiza shingo.

"Kiungo chako nimekiona," alisema Mkurugenzi. "Kina kasi. Lakini hakina adabu."

"Hakina adabu vipi, Mheshimiwa?"

"Ujumbe unaondoka ofisi ya serikali, unaingia ofisi ya serikali, na mahali popote haujamtaja Mtukufu." Akasimama, akaketi. "Unaijua Sheria ya Adabu ya Mawasiliano?"

Shaibu aliijua. Kila Mheko aliijua. Hakuna barua, tangazo wala simu ya serikali iliyoruhusiwa kuanza kabla ya kutajwa sifa kamili za Mtukufu, chache kati yake zikiwa: Bingwa wa Mabingwa, Jemadari Asiyelala, Baba wa Mvua, Mfunguzi wa Barabara na Mfungaji wa Midomo ya Maadui, Mkulima Namba Moja, Mfugaji Namba Moja, Mshoni wa Heshima wa Viatu vya Jeshi, na kuendelea. Zilikuwa herufi mia sita na kumi na mbili, na kila sikukuu ziliongezeka.

"Mheshimiwa, kuna tatizo," alisema Shaibu. "Mashine ya benki ya damu ni ya zamani. Inapokea herufi mia nne tu. Zinazozidi inazikata. Sifa zikitangulia, zitaingia sifa peke yake. Jina la mgonjwa halitafika. Kundi la damu halitafika."

"Basi punguza."

"Nipunguze sifa?"

Mkurugenzi alishtuka. "Nani amesema sifa? Punguza mgonjwa."

"Mgonjwa ana maneno sita tu, Mheshimiwa. Labda sifa zije mwishoni, baada ya..."

"Mtukufu awe mkiani?" Akasimama, na safari hii hakuketi.

"Au tutume mara tatu. Ujumbe wa kwanza nusu ya sifa, wa pili nusu nyingine, wa tatu..."

"Shaibu." Mkurugenzi aliongea polepole, kama mtu anayemwokoa mwenzake. "Umeshapendekeza kumkata Mtukufu, umependekeza kumweka nyuma ya mgonjwa, na sasa unataka kumgawa vipande. Nami nimekaa hapa nasikiliza kwa sababu nakupenda. Nenda kaandike."

Alikwenda, akaandika.

*

Jaribio la pili Siwema hakupiga simu. Alikuja kwa miguu mpaka ofisini, bado amevaa sare yake nyeupe, akamkuta mdogo wake ameinamia kompyuta.

"Nimetoka benki ya damu," alisema. "Kimefika kichwa, kiwiliwili hakipo. Wamepokea Bingwa wa Mabingwa mpaka Mkulima Namba Moja, basi. Chupa ngapi, ya nani, hakuna."

"Najua, dada."

"Unajua?"

"Nimeweka taa. Ujumbe ukikatika, skrini ya wodi inaonyesha nyekundu, mjue kwamba haukufika mzima. Angalau mtajua."

Siwema alivuta kiti akaketi. "Hapo sawa. Nikiona nyekundu nitamtuma mtu akimbie. Taa hiyo usiiguse, Shaibu."

Lakini ulibaki muda mfupi kabla ya uzinduzi, na Mkurugenzi alipita kukagua. Aliona skrini ya majaribio imejaa nyekundu kutoka juu mpaka chini, akakaa kitako mwenyewe bila kuambiwa.

"Waziri anakuja Jumatatu. Atasimama mbele ya nyekundu hii?"

"Ndiyo hali halisi, Mheshimiwa."

"Hali halisi itengenezewe rangi. Ujumbe umetoka?"

"Umetoka."

"Upande wa pili kuna kilichoingia?"

"Kimeingia, ila..."

"Basi umefika. Kinachofika ni kijani."

Ulikuwa mstari mmoja tu wa programu, wa mia mbili na kumi na tatu. Shaibu aliubadilisha kwa kidole kimoja. Halafu Mkurugenzi akamwekea mezani Hati ya Ukamilifu, isemayo kwamba kiungo kinafanya kazi kwa asilimia mia moja, na chini yake barua ya kumpandisha cheo kuwa Mkuu wa Kitengo cha Viungo. Hakuambiwa kwamba karatasi hizo mbili zinahusiana. Zilibanwa tu kwa pini moja.

Alijiambia kwamba atatia sahihi uzinduzi upite, kisha atarekebisha taratibu Mkurugenzi akiwa safarini. Alijiambia pia kwamba asipotia sahihi yeye atatia mwingine. Kila aliyewahi kutia sahihi Heko alijiambia hivyo. Akatia.

*

Uzinduzi ulifana. Waziri wa Maunganisho alihutubia kwa saa mbili na robo chini ya turubai.

"Ndugu wananchi," alisema, "zamani muuguzi akihitaji damu alipiga simu. Aibu iliyoje! Mtu mzima anashika chombo, anapiga kelele! Leo nasema, simu basi!"

Na kweli, palepale vijana wa itifaki walipita wodi zote na benki ya damu wakikusanya simu za mezani kwenye mikokoteni, kuthibitisha kwamba taifa lina imani na Daraja. Simu za mkononi zikapigwa marufuku kazini kwa sababu zingeuonea wivu mfumo. Hivyo ndivyo waraka ulivyosema. Waraka uliofuata ulikataza mfanyakazi wa afya kuonekana barabarani na karatasi yenye jina la mgonjwa, kwa kuwa jambo hilo huwafanya wageni wadhani mfumo haufanyi kazi.

Siwema aliusoma waraka, akaukunja, akautia mfukoni, na kila Wodi Namba Tatu ilipohitaji damu alikwenda mwenyewe kwa miguu, karatasi ameificha ndani ya soksi. Benki ya damu ilikuwa mitaa miwili tu kutoka hospitali. Wodi nyingine hawakujua lolote, maana Siwema hakutaka kumtaja mdogo wake. Waliona kijani, wakangoja. Damu isipofika waliilaumu benki, na benki iliwalaumu wodi kwa kupenda kusifu na kutosema wanataka nini.

Jumapili Siwema alikuja kwa Shaibu na chapati zake ndani ya kitambaa. Hakusema habari ya kiungo mpaka sahani zilipooshwa.

"Lini utarekebisha?"

"Wiki hii nina semina, dada. Wamenituma niwafundishe wa mikoani kuandika viungo."

"Unawafundisha hivihivi?"

Shaibu akaanza kuzipanga sahani upya. Jumapili iliyofuata alikuwa na kikao, na iliyofuata tena Mkurugenzi alikuwa karibu. Siwema hakuwa mtu wa kurudia neno mara nyingi. Mara ya tatu alisema tu, "Mimi miguu yangu imeanza kuvimba, mtoto," akajifunga kanga, akaondoka.

*

Uvimbe wa Siwema haukuwa wa miguu tu. Alikuwa nao tumboni miaka mingi, akiwahudumia wengine na kujisahau, na daktari aliposema sasa utolewe, alikubali. Si upasuaji wa kutisha. Ulipangwa Jumatano asubuhi, saa tatu. Damu yake ilikuwa kundi O hasi, adimu, naye mwenyewe siku moja kabla alikwenda benki ya damu kuzichukua chupa mbili, akazibeba kifuani kama maziwa ya mtoto. Nne nyingine zilibaki huko kwenye jokofu.

Shaibu aliomba ruhusa akaja kumshika mkono.

"Usinikalie na uso huo," Siwema alimwambia kwenye kitanda cha magurudumu. "Nikiamka nataka uji wa ulezi, tena usiwe na mabonge. Ukipika wewe huwa na mabonge."

"Nitakoroga vizuri."

"Na ile kazi yako."

"Nitaifanya, dada. Safari hii kweli."

Akampigapiga shavuni kwa vidole viwili. Wakamwingiza.

Shaibu aliketi kwenye benchi la ukumbini. Saa nne na dakika chache muuguzi mmoja alitoka mlango wa upasuaji kwa haraka, akaingia chumba cha kompyuta, akatoka ametulia, akarudi ndani. Robo saa baadaye alitoka tena kutazama kama damu imeletwa. Alikuwa mwanamke mwenye huruma, akamwona Shaibu anavyomtazama, akasimama kumpoza.

"Usiogope, kaka. Amevuja damu zaidi ya tulivyotegemea, lakini tumeshaagiza chupa nne. Taa imewaka kijani."

Shaibu alisimama. "Mmemtuma mtu?"

"Wa nini? Ujumbe umefika. Si nimekwambia ni kijani?"

Ndipo alipoelewa. Kati ya wafanyakazi wote wa hospitali ni mtu mmoja tu aliyejua kwamba kijani ile ni ya uongo, na mtu huyo alikuwa amelala juu ya meza na dawa ya usingizi.

Alikimbia. Alipita geti bila kuonyesha kitambulisho, akapita mitaa miwili kati ya watu waliomshangaa, shati limetoka, kiatu kimoja kimebaki njiani. Alipofungua mlango wa benki ya damu aliwakuta wafanyakazi wote watano wamesimama wima, mikono ubavuni, wanaitazama skrini. Sheria ya Adabu ilitaka sifa za Mtukufu zisomwe kwa kusimama mpaka ujumbe ukamilike. Walikuwa wamesoma Bingwa wa Mabingwa mpaka Mkulima Namba Moja, na tangu hapo walikuwa wakisubiri ukamilike. Walisimama hivyo kwa dakika ishirini na moja.

"O hasi!" Shaibu alipiga kelele. "Chupa nne! Ni Siwema, Siwema wa Wodi Namba Tatu!"

Mkuu wa benki hiyo, Bi Mwanakombo, alikuwa mama wa makamo aliyekuwa amebakiza miezi mitano astaafu. Alimtazama yule mtu mwenye kiatu kimoja. Aliutazama ujumbe ambao bado ulikuwa Mkulima Namba Moja. Kutoa damu bila ujumbe kamili lilikuwa kosa la kufukuzwa.

"Si jana tu alikuwa hapa ananichekesha," alisema, na tayari alikuwa anafungua jokofu.

Walikimbia pamoja, Shaibu amebeba chupa mbili na yule mama mbili, ameshika sketi yake juu kwa mkono mwingine. Walipofika mlango wa upasuaji daktari alikuwa ametoka nje, anavua glavu kidole kimoja kimoja, wala hakuinua macho.

Shaibu alibaki amezishika zile chupa. Zilikuwa baridi. Bi Mwanakombo ndiye aliyezitoa mikononi mwake, mojamoja, akimwambia, "Nipe, mwanangu. Nipe basi."

*

Ripoti ya serikali ilitoka baada ya siku tatu. Ilisema kwamba ujumbe uliondoka saa nne na dakika sita na ukafika saa nne na dakika sita, jambo lililoonyesha uwezo mkubwa wa mfumo, ila mgonjwa hakuwa na subira. Bi Mwanakombo alihamishiwa Bohari ya Mapazia ya Taifa kwa kutoa damu kiholela. Shaibu alipewa nishani.

Alikwenda kuipokea. Watu walidhani atakataa, atapiga kelele, maana kwenye mazishi hakulia wala hakusema. Mkurugenzi alimbandika nishani kifuani na kumnong'oneza, "Pole sana. Lakini umeona? Kiungo kimefanya kazi." Shaibu akaitikia kwa kichwa, akashuka jukwaani, akapanda ngazi mpaka ofisini kwake, akafunga mlango, akawasha kompyuta.

Aliuondoa mstari unaotanguliza sifa. Akaurudisha ule wa mia mbili na kumi na tatu kama alivyouandika mara ya kwanza, ujumbe ukikatika uwake nyekundu. Akajaribu mara tatu, chupa nne, chupa mbili, chupa moja, zote zikafika nzima. Alipotazama saa alikuta imemchukua dakika arobaini na mbili. Semina, vikao, Jumapili zile zote, na kazi yenyewe ilikuwa ya dakika arobaini na mbili mchana kweupe. Hapo ndipo alipolia, kichwa juu ya meza, mpaka vitufe vya kompyuta vikamwachia alama kwenye paji la uso.

Kwa wiki kumi na moja damu ilikwenda kila mahali. Hakuna kiongozi aliyegundua, maana viongozi hawasomi maombi ya damu. Wauguzi waligundua siku ya kwanza, na hakuna hata mmoja aliyesema. Walimpita Shaibu barabarani, wengine wakamsalimia kwa sauti ya chini kidogo kuliko kawaida, basi. Kila jioni alihesabu maombi yaliyofika. Hakuweza kujizuia kuhesabu upande wa pili pia: kutoka uzinduzi mpaka Jumatano ile, kijani ngapi zilikuwa zimewaka wodi nyingine? Nambari hiyo aliipata kwenye kumbukumbu za mfumo. Hakumwambia mtu.

Halafu mkaguzi akaja. Aligundua kwamba Mtukufu hakutajwa mara elfu tatu mia moja na arobaini.

Kamati ya Nidhamu ilikuwa na watu tisa na mwenyekiti mzito wa kusikia.

"Ulizitoa sifa?"

"Nilizitoa."

"Kwa nini?"

"Ili damu ifike, Mheshimiwa."

"Hatuzungumzii damu hapa. Hiyo ni Wizara ya Afya." Mwenyekiti akafunua karatasi. "Unajuta?"

"Najuta."

Mwenyekiti akalainika uso. "Sema unajuta nini, iandikwe."

"Kuchelewa."

"Kuchelewa kazini utajibu kwa afisa utumishi," alisema mwenyekiti, akamgeukia karani. "Andika kwamba amejuta. Itampunguzia."

Ikampunguzia kweli. Badala ya kufungwa alifukuzwa kazi na kukatazwa kugusa kompyuta maisha yake yote. Alipewa siku moja ya kukabidhi ofisi.

Aliyekuja kupokea alikuwa mhandisi aitwaye Tunu, mwanamke mwenye miwani mikubwa na barua mpya ya kazi iliyokunjwa vizuri mkononi. Alisimama mlangoni kwa heshima.

"Shikamoo, kaka Shaibu. Pole na yaliyokukuta."

"Marahaba. Karibu."

Alimwonyesha kila kitu, kiungo kinaanzia wapi na kinaishia wapi, mashine ya zamani inakubali nini na inakata nini. Alimweleza habari za Jumatano bila kuficha hata sahihi yake. Tunu alisikiliza, na mahali fulani akavua miwani akaifuta. Mwishoni Shaibu akamwekea kidole kwenye skrini, bila kuigusa.

"Ni hapa. Ukiirudisha ile kijani hapa, watu watakaa kwenye benchi pale nje wakiambiwa wasiogope."

Tunu aliusoma mstari ule mara mbili. Aliifungua barua yake, akaitazama, akaikunja tena.

"Kaka," alisema kwa sauti ndogo, "nimeagizwa."

"Najua," alisema Shaibu. "Na mimi niliagizwa."

Akampisha kiti.